Kusoma Vitenzi vya Kiarabu na Dhamiri Zake: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwishahitimu Msahafu

Wamejaa katika visiwa vyetu watu waliohitimu msahafu tangu utotoni, wanaoisoma Suratul-Fiil bila ya kukosea irabu hata moja, lakini ukiwauliza kwa nini aya ya nne inasema *tarmiihim* na aya ya tano inasema *faja'alahum*, kwa nini pale ni *him* na hapa ni *hum*, hawana la kujibu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilihitimu nikiwa na miaka 12 katika chuo kimoja cha Wete, Pemba, na baadaye nikajiunga na darasa la lugha ambako kwa takriban mwaka mzima tulikuwa tukiimba jedwali la sarfu, yaani maumbo 14 ya kitenzi kimoja, *kataba, katabaa, katabuu*, mpaka mwisho wake. Jedwali nililihifadhi barabara. Siku nilipofungua ukurasa wa hadithi fupi ya Kiarabu sikuweza kulitumia, kwa sababu jedwali huja kwa mpangilio, na maneno ya ukurasani hayaji kwa mpangilio: huja yamevaa vitu mbele na nyuma, na msomaji lazima ajue kuyavua.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoishika baada ya hapo, na ndiyo ninayoitumia kuwasomesha vijana na watu wazima baina ya magharibi na isha. Imesimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba Mswahili tayari anaijua kazi inayofanywa na kitenzi cha Kiarabu, kwa kuwa kitenzi chake mwenyewe kinaifanya kazi hiyo kutwa kucha. La pili ni kwamba aliyehitimu anayo matini ya kusomea kifuani mwake. Kilichobaki ni kuirejea kwa jicho jengine.

Nimeandika Kiarabu kwa herufi za Kiswahili ili asomaye kwa simu asipate taabu. Vokali ndefu nimeiandika mara mbili, alama ya ' inasimama badala ya 'ayn au hamza, *sw* ni swaad, *tw* ni twaa, na *dh* imebebeshwa herufi tatu kwa pamoja. Kwa hiyo kila mfano wa aya utazamwe ndani ya msahafu wenyewe kabla ya kuandikwa.

Vitu vya kutayarisha

Tafuta daftari la mistari, kalamu ya risasi, na kalamu mbili za rangi, tuseme nyekundu na kijani. Usiandike alama yoyote ndani ya msahafu; nakili aya daftarini kwa mkono wako, pamoja na irabu zake zote, ukiacha mstari mmoja mtupu chini ya kila mstari ulioandikwa. Kunakili huku si kazi ya kupoteza wakati. Waliosoma kwa ubao na wino wanalijua hili: mkono hushika kile ambacho ulimi hukipita mbio.

Uwe pia na tafsiri ya Kiswahili. Wengi wetu tunayo nyumbani ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka kamili mwaka 1969, nayo inafaa sana kwa kazi hii. Ifunike kwa karatasi mpaka utakapokuwa umekwishajaribu mwenyewe.

Anza na kitenzi cha Kiswahili

Kabla ya kugusa Kiarabu, andika daftarini neno *nimemwona* na ulikate: *ni-me-mw-on-a*. Kuna mtenda (*ni*), kuna wakati (*me*), kuna mtendwa (*mw*), kuna mzizi (*on*). Neno moja limebeba sentensi nzima. Sasa andika chini yake *ra'aytuhu*, lenye maana hiyo hiyo, na ulikate: *ra'ay-tu-hu*. Mzizi umetangulia, ukafuatwa na mtenda (*tu*, mimi), kisha mtendwa (*hu*, yeye). Viungo ni vile vile ila vimepangwa kwa utaratibu mwengine, na wakati uliopita hauna kiambishi chake peke yake. Unajulikana kwa umbo la kitenzi na kwa mtenda kukaa nyuma. Mtu ambaye lugha yake humlazimu kusema "mimi nimeona yeye" kwa maneno matatu ana mlima wa kupanda hapa. Sisi tunateremka.

Urithi wetu haukomei kwenye vitenzi. Tunasema *mwanangu, nduguye, mkewe, mwenzako*, ambamo umilikaji umegandana na nomino, na Kiarabu hufanya hivyo kwa nomino zote: *kitaabuhu*, kitabu chake, *rabbuka*, Mola wako. Tunasema *nami, nawe, naye*, ambamo dhamiri, yaani kiwakilishi cha mtu, imenasa kwenye neno dogo, na Kiarabu husema *ma'ii, ma'aka, ma'ahu*. Dhamiri zilizoambatana za Kiarabu, basi, zina vituo vitatu vya kushukia: kitenzi, nomino na herufi, yaani maneno madogo kama *li, bi, fii, 'alaa*. Umbo lao ni karibu lile lile katika vituo vyote vitatu, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu unajifunza mara moja na kutumia mara tatu.

Andika ukurasa wa mwanzo wa daftari orodha hii, na usiihifadhi kwa kuiimba; utaitazama tu unapokwama. *Ii* (na *nii* kwenye kitenzi) ni mimi. *Naa* ni sisi. *Ka* ni wewe mwanamume. *Ki* ni wewe mwanamke. *Kum* ni ninyi. *Kunna* ni ninyi wanawake. *Hu* ni yeye mwanamume. *Haa* ni yeye mwanamke. *Hum* ni wao. *Hunna* ni wao wanawake. *Kumaa* na *humaa* ni za watu wawili. Utaona kwamba *nii* inafanana na *-ni-* yetu katika *alinipiga*, na *ka* iko karibu na *-ku-* katika *alikupiga*. Mfanano huo ni wa bahati tu, lakini unasaidia kumbukumbu, basi utumie.

Wiki ya kwanza: Suratul-Fiil

Naanza na sura hii kwa kila mwanafunzi, na sijaona iliyo bora zaidi. Ina aya tano, na katika kila aya mna dhamiri moja tu iliyoambatana. Nakili sura yote. Kwa kalamu nyekundu zungushia kila kitenzi, na kwa kijani piga mstari chini ya kila dhamiri iliyoambatana. Ukimaliza, hesabu. Vitenzi vinatakiwa viwe sita: *tara, fa'ala, yaj'al, arsala, tarmii, ja'ala*. Dhamiri ni tano: *rabbuka, kaydahum, 'alayhim, tarmiihim, faja'alahum*. Aliyezungushia *ma'kuul* asivunjike moyo; neno hilo linatokana na kitenzi cha kula lakini lenyewe ni jina, "kilicholiwa", kama *maktuub* ilivyo "kilichoandikwa".

Sasa vipange vituo. *Rabbuka* na *kaydahum* ni dhamiri juu ya nomino: Mola wako, vitimbi vyao. *'Alayhim* ni dhamiri juu ya herufi: juu yao. *Tarmiihim* na *faja'alahum* ni dhamiri juu ya vitenzi, na hapa ndipo pa kukaa kitako. Kata *faja'alahum*: *fa-ja'ala-hum*, basi-akafanya-wao, "akawafanya". Kiswahili kinaweka *wa* kabla ya mzizi na Kiarabu kinaweka *hum* mwisho kabisa, lakini kila kipande kina mwenzake.

Katika mstari mtupu ulioacha, andika chini ya kila dhamiri jibu la swali hili: anakusudiwa nani? *Ka* ya *rabbuka* ni Mtume (S.A.W.), anayesemezwa. *Hum* zote ni watu wa ndovu. Swali hili usiliache hata siku moja, hata sura itakapokuwa nyepesi machoni mwako, kwa kuwa dhamiri isiyojulikana inarudi kwa nani haijasomwa, imetamkwa tu.

Na jibu la swali la mwanzo ni hili. *Hu, hum, humaa* na *hunna* hugeuza dhumma (*u*) yao kuwa kasra (*i*) zinapotanguliwa na kasra au na yaa: *bihi, fiihi, 'alayhim, tarmiihim*. Zikitanguliwa na sauti nyengine hubaki kama zilivyo: *lahu, kaydahum, ja'alahum*. Ulimi wa Mswahili hauoni ajabu hapo. Sisi wenyewe husema *pikia* lakini *somea*, *andikisha* lakini *chekesha*, tukiiacha vokali ya nyuma ifuate ya mbele, wala hakuna aliyetufundisha skuli.

Naa mbili

Hili ndilo jambo lililonipa mwangaza mimi mwenyewe, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Silabi *naa* mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopita inaweza kuwa mtenda, "sisi tulifanya", na inaweza kuwa mtendwa, "alitufanya sisi". Kwa sikio lisilozoea zote ni moja. Kinachozitenganisha ni irabu moja juu ya herufi ya mwisho ya mzizi. *Khalaqnaa*, yenye sukuni (alama ya kukosa vokali) juu ya qaaf, ni "tumeumba". *Khalaqanaa*, yenye fat-ha (*a*) juu ya qaaf, ni "ametuumba". Sukuni moja imehama, na muumba na muumbwa wamebadilishana nafasi. Mwenye kusoma kwa kukimbia na kuzimeza irabu hajui ni kitu gani anachokimeza.

Juzuu Amma ina mifano ya kutosha ya kuzoezea jicho. Andika *wa khalaqnaakum azwaajaa* kutoka Suratun-Naba, *innaa a'twaynaaka* kutoka Al-Kawthar, na *innaa anzalnaahu* kutoka Al-Qadr. Kata kila kimoja. *Khalaq-naa-kum*: tume-wa-umba ninyi. *A'tway-naa-ka*: tume-ku-pa. *Anzal-naa-hu*: tume-i-teremsha, yaani Qur'ani. Katika vyote vitatu *naa* ni mtenda, na mtendwa amekuja nyuma yake. Huo ndio utaratibu usiovunjwa: mtenda hugandana na mzizi kwanza, mtendwa hufuata. Ukiona dhamiri mbili zimepandana nyuma ya kitenzi cha wakati uliopita, mara nyingi ya karibu na mzizi ndiyo iliyofanya.

Halafu weka pembeni yake *ihdinaa* ya Al-Faatiha, ambayo katika usomaji hufupishwa kwa sababu ya herufi inayofuata. Hapa *naa* ni mtendwa: "tuongoze". Kitenzi ni cha amri, na mwenye kuamrishwa au kuombwa hana alama ya kutamkwa mwishoni, basi *naa* haiwezi kuwa yeye. Na katika aya inayofuata, *an'amta 'alayhim*, ile *ta* ni mtenda, "wewe umeneemesha", na *him* ni wale walioneemeshwa. Mtu huyasoma haya si chini ya mara 17 kwa siku katika sala tano za faradhi.

Watenda wa wakati uliopita, basi, jifunze kwa kuwakuta. *Tu* ni mimi, *ta* ni wewe mwanamume, *ti* ni wewe mwanamke, *naa* ni sisi, *tum* ni ninyi, *uu* ni wao, *at* ni yeye mwanamke, na kitenzi kitupu chenye fat-ha mwishoni, kama *ja'ala*, ni yeye mwanamume. Za watu wawili zitakuja polepole, wala usizisubiri.

Mitego ya ta, na, ya

Kitenzi cha wakati uliopo na ujao, mudhari, kina mtenda wake mbele, kama chetu. *A'budu*, naabudu, *na'budu*, tunaabudu, *ya'budu*, anaabudu, *ta'budu*, unaabudu au yeye mwanamke anaabudu. Jambo hili lingekuwa rahisi kabisa kwa Mswahili kama si silabi zenyewe. *Ta* kwetu ni wakati ujao, *na* ni wakati uliopo, na akili huzisoma hivyo kabla hujaizuia. Nimemsikia mwanafunzi hodari akieleza *kallaa sawfa ta'lamuun* kwamba *ta* ndiyo iliyoleta "mtajua". Maana aliipata sawasawa, lakini njia ilikuwa ya makosa. Ujao katika aya hiyo umeletwa na *sawfa*. *Ta* ya mbele na *uun* ya nyuma kwa pamoja ndiyo "ninyi". Pengine ujao huletwa na *sa* iliyogandishwa mbele, kama *sayaswlaa* katika Suratul-Masad.

*Ta* ina ugumu wake mwengine. *Tarmiihim* inasema ndege "wanawapiga", nao ndege ni wengi, lakini kitenzi kimekuja kwa umbo la yeye mwanamke mmoja. Kiarabu huuchukua wingi wa vitu na wanyama kama mwanamke mmoja. Kwa hiyo *haa* nayo unayoikuta imening'inia kwenye kitenzi inaweza kurudi kwa bibi mmoja, kwa mji, kwa vitabu mia au kwa kundi la ngamia. Tafuta nyuma yake nomino inayofaa kabla ya kuandika tafsiri.

Hapa pia ndipo Kiswahili kinapoweza kumficha mtu. Tazama Suratush-Shams: *fakadhdhabuuhu fa'aqaruuhaa*. Kwa Kiswahili ni "wakamkadhibisha, wakamchinja", na *m* zetu mbili zinafanana kama pacha, hata asiyejua kisa akadhani aliyekadhibishwa ndiye aliyechinjwa. Kiarabu hakimwachi msomaji katika shaka hiyo: *hu* ni Mtume Swaleh aliyepelekwa kwa watu wa Thamud, na *haa* ni ngamia jike. Kila unapofasiri *hu* na *haa* kwa *-m-*, andika juu yake kwa risasi ni nani.

Mambo matatu ya kupita haraka

La kwanza ni alifu. *Kaaluu* na *wazanuu*, "walipima", huandikwa kwa waw na alifu isiyotamkwa. Dhamiri inapoambatana alifu huondoka: *wa idhaa kaaluuhum aw wazanuuhum yukhsiruun*, wanapowapimia watu kwa kibaba au kwa mizani, hupunguza. Kutokuwepo kwa alifu hiyo ni ishara kwa jicho kwamba kuna dhamiri imening'inia. (Katika *wazanuu* umo mzizi wa *mizani* na *uzani*, na katika *yukhsiruun* umo wa *hasara*; aya hii inaweza kusomwa sokoni Darajani na ikafahamika nusu yake bila ya mfasiri.)

La pili ni nuni ya *nii*. Kwenye nomino "yangu" ni *ii*: *rabbii*, Mola wangu. Kwenye kitenzi hutiwa nuni katikati ili kasra isiguse mwisho wa kitenzi, na wanazuoni huiita nuni ya kinga. Dua anayoijua kila mtoto wa chuoni inayo: *rabbi zidnii 'ilmaa*. *Zid-nii*, nizidishie. Wakati mwengine yaa yake huondoka ikabaki kasra au kituo tu, kama *akraman* na *ahaanan* katika Suratul-Fajr, yaani *akramanii*, "amenikirimu", na *ahaananii*, "amenidhalilisha".

La tatu ni dhamiri iliyotangulizwa. Mtendwa akitakiwa aje mwanzo ili kutiliwa mkazo, dhamiri haina cha kuning'inia, basi hupewa *iyyaa* ya kushikia: *iyyaaka na'budu*, wewe tu ndiye tunayekuabudu.

Kukaa na Adh-Dhuhaa kwa wiki nzima

Baada ya hapo chukua Suratudh-Dhuhaa yenye aya 11 na usitoke humo kwa siku saba. Hesabu *ka* zote; ni tisa, zote zikimrudia Mtume (S.A.W.), nyengine juu ya kitenzi (*wadda'aka, yu'twiika, yajidka, wajadaka* mara mbili), nyengine juu ya nomino (*rabbuka* mara mbili na *rabbika*), na moja juu ya herufi (*laka*). Angalia kwamba *rabbuka* hugeuka *rabbika* kwa sababu ya nafasi ya nomino katika sentensi, ilhali *ka* haigeuki.

Siku ya tatu linganisha *alam yajidka* na *wa wajadaka*. Kitenzi ni kimoja, kupata au kukuta, na mzizi wake ni w-j-d. Waw iko wazi katika *wajada* na imetoweka katika *yajid*. Mizizi mingi inayoanza kwa waw hufanya hivyo katika mudhari, na ndiyo maana mtu hulitafuta neno kwenye kamusi asilione: amelitafuta chini ya jiim. Sura yenyewe imekuwekea maumbo mawili katika aya zilizofuatana, moja likilieleza jengine.

Siku ya tano soma kwa sauti, taratibu, miisho hii: *fa aawaa, fahadaa, fa aghnaa*. Kwa Kiswahili tunalazimika kusema "akakupa makazi, akakuongoza, akakutajirisha", tukitia *ku* kila mara. Katika Kiarabu *ka* haipo mahali pote patatu. Mtendwa anajulikana kwa yaliyotangulia, na miisho ya aya imebaki kwenye mlio wake mmoja. Mimi niliisoma sura hii kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya kuliona pengo hilo, na nilipoliona nilirudi mwanzo nikaisoma tena yote, nikihisi kana kwamba nimeshushiwa taa.

Mzizi na kamusi

Kamusi nyingi za Kiarabu hupangwa kwa mizizi, basi kila kitenzi unachokizungushia kivue kwanza: toa *wa* au *fa* ya mbele, toa *sa*, toa mtenda, toa dhamiri ya mwisho. Herufi zinazobaki, mara nyingi tatu, ndizo za kutafuta. Lakini kabla ya kufungua kamusi jiulize kama Kiswahili hakina neno la mzizi huo. *Ajaaba* anakujia na *jawabu* na *jibu*. *Sa'ala* na *suala*. *Hamala* na *hamali* wa bandarini na *kuhimili*. *Hakama* na *hukumu, hakimu, mahakama*. *'Alima* na *elimu, mwalimu, taaluma*. Andika jamaa wa Kiswahili pembeni. Maana huenda imehama kidogo, nawe utaisahihisha kwa kamusi, lakini mzizi utakuwa umekwishashika.

Kutoka kwenye msahafu kwenda kwenye matini nyengine

Wiki ya tano au ya sita, anza kusoma usichokihifadhi, kwa sababu kilichohifadhiwa kina hatari yake: ulimi hukamilisha neno kabla jicho halijafika. Hadithi fupi za watoto zenye irabu kamili zinatosha. Kifungu hiki nimekiandika kwa ajili ya zoezi:

*Dhahaba Saalimun ilaa mazra'atihi swabaahan, fawajada akhaahu tahta shajaratin. Sallama 'alayhi wa sa'alahu: hal ra'ayta awlaadii? Fa'ajaabahu akhuuhu: ra'aytuhum 'indal-bi'ri, wa a'twaytuhum sallatan, wa sayahmiluunahaa ilayka.*

Salim amekwenda shambani kwake asubuhi, amemkuta nduguye chini ya mti, amemsalimu na kumuuliza kama amewaona wanawe, na nduguye amemjibu kwamba amewaona kisimani, amewapa kikapu, nao watakichukua kumpelekea. Fanya yote uliyoyazoea: nyekundu, kijani, na swali la nani. Kisha simama kwenye neno *sayahmiluunahaa* na ulipange na *watakichukua*. *Sa* ni *ta* yetu. *Ya* pamoja na *uuna* ni *wa*. *Hmil* ni *chukua*. *Haa* ni *ki*, kwa kuwa *salla* ni neno la kike. Mwanafunzi aliyeweza kulikata neno hilo bila ya kusaidiwa ameshavuka mkondo.

Tazama pia ambacho hakimo. Hakuna *wajadahu akhaahu*. Kiswahili chasema "alimkuta nduguye" na kutia *m* ijapokuwa nduguye ametajwa. Kiarabu hutia dhamiri pale jina lisipokuja. Hili ndilo kosa letu kubwa tunapoandika, *ra'aytuhu Saaliman* badala ya *ra'aytu Saaliman*, na dawa yake ni kusoma kwingi kuliko sheria ya kukaririwa.

Kwa upande mwengine, Kiarabu kinaweza kubeba watendwa wawili katika neno moja, jambo ambalo kitenzi chetu hakiwezi. Katika Suratu Huud aya ya 28 limo neno *anulzimukumuuhaa*: *a* ya kuuliza, *nu* ni sisi, *lzim* ni mzizi wa *lazima*, *kumuu* ni ninyi, *haa* ni hiyo. "Je, tukulazimisheni hiyo?" Wanafunzi wangu hulikata neno hili ubaoni mmoja baada ya mwengine, na hakuna anayechoka nalo.

Kusoma bila ya irabu

Magazeti na vitabu vya watu wazima haviandiki irabu. Neno lenye herufi kaaf, taa, baa, taa laweza kuwa *katabtu, katabta, katabti* au *katabat*: niliandika, uliandika mwanamume, uliandika mwanamke, aliandika yeye mwanamke. Likiongezewa mwishoni herufi haa, ile ya *hu*, huwa *katabtuhu, katabtahu, katabtihi* au *katabat-hu*. Na *naa* mbili zile zinarudi kuwa kitu kimoja machoni. Usikisie. Rudi nyuma mistari mitatu uone anayesema ni nani, anasemezwa nani, na kama kuna mwanamke aliyetajwa; kisha tia irabu kwa kalamu ya risasi, kwa wepesi, ili uweze kufuta. Kwa mwezi wa kwanza soma kifungu kimoja cha mistari kumi kwa siku, ukitia irabu kwenye vitenzi na dhamiri peke yake na kuyaacha maneno mengine. Mwezi wa pili acha kutia irabu pale ambapo hukusita, na utie pale tu uliposita. Alama za risasi zitakuwa nyingi juu ya ukurasa mwanzoni. Hifadhi kurasa hizo zote kwa tarehe, na kila Ijumaa fungua ya wiki iliyopita, uisome kwa sauti mbele ya mtu anayekijua Kiarabu kukushinda, naye akuzuie kila unapomkosea mtenda.